Malcolm X: sheikh aliyerudi kukaa mkekani

(Haya nilizungumza na vijana wa madrasa yetu juzi baada ya Ishaa, mwenzangu mmoja akarekodi kwa simu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, palipokatika nimeunga kwa kukumbuka.)

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mliopewa viti, vijana wangu mliokaa chini, na dada zangu huko nyuma ya pazia nadhani mnanisikia, kama hamsikii gongeni ukuta nitasogeza spika. Nimepewa nusu saa. Nitajitahidi, ila mnanijua.

Kijana aliyekuja kunialika nilimuuliza, huyu Malcolm X wewe unamjua kwa lipi? Akasema ustadhi si yule wa kwenye bajaji, mwenye miwani, ameinua kidole. Nikamwambia ndiyo huyo. Akacheka, mimi pia nikacheka, maana hata mimi miaka ya tisini nilikuwa na kofia ya X niliyonunua mitumba na ungeniuliza hiyo X maana yake nini ningekuambia ni ekisi ya kwenye hesabu.

Sasa nataka nianzie Jeddah, sio Marekani alikozaliwa. Ni Aprili 1964. Huyu mtu, mhubiri mweusi wa Marekani, ana miaka 38, anakaribia 39. Amehubiri kwa jina la Uislamu miaka kumi na mbili, anaonekana kwenye televisheni, vyuo vikuu vinagombania kumwalika, polisi wa New York wanamuogopa, FBI, makachero wa serikali ya Marekani, wana mafaili yake. Anashuka kwenye ndege amevaa ihramu, anafika kwa maofisa, wanaona pasipoti ya Marekani, wanaichukua, wanamwambia subiri, wewe lazima ukathibitishwe na mahakama ya mahujaji kwamba kweli ni Muislamu. Akapelekwa kwenye jengo la kulala mahujaji pale pale uwanja wa ndege, watu wa kila aina, kila kundi na mkeka wake, na mutawwif kijana, yaani muongoza mahujaji, akaja kumuonesha namna ya kuswali.

Na hapo ndipo ilipobainika kwamba hajui kuswali.

Jamani msicheke. Hajui. Kile kikao cha tahiyatu ambacho hapa mtoto wa miaka mitano anakaa huku anachezea pindo la kanzu yake, kwake ilikuwa adhabu, vifundo vya miguu vinauma, mutawwif anamkunja anajaribu kumweka sawa, yeye bonge la mtu urefu futi sita na zaidi anaanguka upande. Maneno ya Kiarabu hana, akawa anawatazama wenzake anafuatisha midomo. Na haya sisi hatukuyapata kwa mtu aliyekuwa anamchungulia. Amesimulia mwenyewe, akijua yatachapishwa na maadui zake watasoma.

Hilo ndilo nililokuja nalo leo, mengine yote mtayapata kwenye simu zenu. Mimi mwenyewe niliwahi kurekebishwa na mtoto wa juzuu amma, nasoma mbele za watu nikaruka aya, akanirudi kwa sauti. Unajua nilisemaje? Nikasema nilikuwa nawapima kama mnasikiliza. Astaghfirullah. Miaka mingi imepita na bado naona aibu, si kwa kuruka ile aya, kwa ule uongo.

Ilikuwaje mhubiri asijue kuswali? Tukitaka kuelewa lazima turudi nyuma kidogo.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925, Omaha, jimbo la Nebraska, jina Malcolm Little. Baba yake Earl alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyekuwa akiwaambia weusi wa Marekani kwamba Afrika ni kwenu. Mama yake Louise ametoka kisiwa cha Grenada. Wakahamia Michigan, mwaka 1929 nyumba yao ikaungua moto usiku, 1931 baba akakutwa amekanyagwa na tramu, serikali ikasema ajali, weusi wa pale wakasema ameuliwa. Mama akabaki na watoto na njaa mpaka akili ikachoka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Watoto wakagawanywa kama vifaranga. Darasani alikuwa kichwa, akamwambia mwalimu anataka kuwa mwanasheria, mwalimu akamwambia hiyo si kazi ya mtu kama wewe, kwa nini usiwe fundi seremala. Sina neno na mafundi seremala, mjomba wangu alikuwa seremala. Ila mnaelewa.

Basi akaenda Boston kwa dada yake Ella, akaingia mtaani, baadaye New York, bangi, kamari, wizi wa majumbani, na mwaka 1946 akiwa bado hajafika ishirini na moja akahukumiwa miaka minane mpaka kumi.

Jela hapa tukae kidogo.

Ndugu zake walikuwa wameshaingia kwenye kikundi kinaitwa Nation of Islam, cha Elijah Muhammad. Mdogo wake Reginald akamwandikia barua, usile nguruwe, usivute sigara, nitakuonesha njia ya kutoka jela. Yeye akadhani ni ujanja wa mjini, labda kuna dili la kuwazuga madaktari wa jela, akaacha nguruwe kwa sababu hiyo! Kumbe ndugu yake anamlingania. Halafu ikaja habari ya kupiga magoti kuomba. Anasema kuacha vyote vile haikuwa kazi, kazi ilikuwa magoti kukunjika. Alikuwa hajawahi kupiga goti isipokuwa kufungua kitasa cha nyumba ya mtu. Ilimchukua wiki nzima. Kila akishuka, aibu inamwinua.

Kisha akataka kumwandikia Elijah Muhammad barua, akaona hajui kuandika, mwandiko hata mstari haunyooki, maneno ya mtaani tu. Mnajua alifanya nini? Akaomba kamusi na karatasi na penseli. Akakaa akanakili ukurasa wa kwanza wote kwa mkono, mpaka nukta na koma. Siku nzima. Halafu akajisomea kwa sauti alichoandika. Kesho ukurasa wa pili. Hivyo hivyo. Na neno analolikumbuka kutoka ukurasa ule wa kwanza ni jina la mnyama, aardvark, mnyama wa Afrika mwenye masikio marefu anayefukua mchwa. Sisi tunamwita mhanga. Mhanga huyo huyo wa kujitoa mhanga, Kiswahili hiki kina mambo yake.

Wakati huo ameshahamishiwa jela ya Norfolk yenye maktaba kubwa, taa zinazimwa saa nne usiku yeye anasogea kwenye mwanga wa korido unaopenya mlangoni, askari akipita anajirusha kitandani, akishapita anarudi sakafuni kusoma. Macho yakaharibika, ndio ile miwani mnayoiona kwenye bajaji. Kwa hiyo ile miwani si fasheni.

Akatoka Agosti 1952. Little akaitupa kwa sababu ni jina la bwana aliyewamiliki babu zake, akaweka X, yaani jina la asili lililoibwa na halijulikani. Ndani ya miaka michache amefungua mahekalu, ndivyo walivyoita nyumba zao za ibada, Boston na Philadelphia, 1954 akapewa la Harlem, mtaa wa weusi New York.

Sasa tuseme ukweli, alichokuwa akihubiri miaka ile si Uislamu mnaousoma hapa. Walifundishwa kwamba Mungu alikuja Detroit kwa umbo la mtu anayeitwa Fard, kwamba Elijah ni mtume, kwamba mzungu ni shetani aliyetengenezwa na mwanasayansi mmoja. Mahekaluni wanakaa kwenye viti wanasikiliza. Saumu walifunga Desemba, mchana ukiwa mfupi! Mzee wangu naona unatikisa kichwa. Ndiyo, ni shirki, hakuna namna ya kuipamba. Lakini kabla hujawatukana jiulize nani alikuwa amewafikia watu wale kwenye majela na vijiwe vya bangi. Masheikh wa madhehebu nne hawakuwapo pale. Yule mwenye Desemba yake ndiye aliyewaachisha pombe.

Na nguvu yake ilionekana Aprili 1957. Polisi wa Harlem walimpiga virungu muumini mmoja mpaka kichwa kikapasuka, wakamweka kituoni bila matibabu. Malcolm akaja na vijana wake wakasimama safu nje ya kituo, hakuna anayesema neno, wamenyooka tu. Watu wa mtaani wakaanza kujaa nyuma yao, mia zikawa maelfu. Akaingia ndani, akataka kumuona, akataka apelekwe hospitali. Wakakubali. Alipotoka hakuhutubia wala nini, akatoa ishara ya mkono, na umati wote ule ukatawanyika kimya. Ofisa mmoja wa polisi akasema ni nguvu kubwa mno kwa mtu mmoja. Tangu hapo wakawa wanamfuata hadi chooni.

Kilichokuja kumtoa huko ni mambo mawili. Kwanza aligundua kwamba kiongozi wake aliyekuwa akimwona hana doa amezaa watoto nje ya ndoa na masekretari wake, wakati waumini wa kawaida wakifanya hivyo wanafukuzwa. La pili, Novemba 1963 Rais Kennedy wa Marekani akauawa, Elijah akakataza mtu kusema, Malcolm akaulizwa akajibu kwamba ni kuku wamerudi kulala bandani kwao, yaani vurugu walizopanda zimewarudia. Akafungiwa asizungumze siku 90. Machi 1964 akatangaza kujitoa.

Fikirieni hapo. Nyumba anayokaa ni mali ya kile kikundi. Gari, mshahara, marafiki, vyote. Ana mke na watoto wadogo. Bondia Muhammad Ali, ambaye walikuwa kama kaka na mdogo wake na Malcolm ndiye aliyemlea kidini, akachagua kubaki upande wa Elijah, wakakutana Accra mwezi Mei Ali akampa mgongo. Ali alikuja kujuta baadaye, akasema kumpa Malcolm mgongo ni katika makosa yanayomuuma zaidi maishani, lakini Malcolm alikuwa kaburini zamani.

Na hajj aliiendaje? Kwa pesa ya dada yake Ella, yule wa Boston. Dada mwenyewe alikuwa anajiwekea akiba ya hajj yake, akampa kaka yake atangulie. Dada zangu huko nyuma nawaona nyinyi hapo, kwenye hadithi hii Ella huwa anatajwa mstari mmoja tu, na bila Ella hakuna Makkah.

Turudi Jeddah tulipomwacha anaumwa vifundo. Akakumbuka kwamba ana namba ya simu ya mtu, Omar Azzam, akapigiwa, Azzam akaja uwanjani akamtoa. Baba yake, Abdulrahman Azzam aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, akamwachia chumba chake cha hoteli. Watu hawa kwa Marekani wangehesabiwa wazungu. Hawamjui, hawana wanachotaka kwake. Akakesha anajiuliza. Halafu akaenda Makkah, Arafa, Mina, akala sinia moja na watu wenye macho ya buluu, akalala chini nao. Akaandika barua nyumbani Harlem kwamba nilichoamini kuhusu rangi nimelazimika kukipanga upya. Na hakuiandika kwa siri, alitaka itolewe kwenye magazeti.

Lakini wasije wakawadanganya kwamba alirudi mpole. Wapo wanaoisimulia hajj ile kama dawa ya usingizi, eti alikwenda akiwa mkali akarudi anawapenda wote basi yakaisha. Hapana. Alirudi akiwa anajua zaidi nani hasa anapambana naye. Wiki chache baadaye akaunda umoja wake wa Waafrika wa Marekani, akaubuni kwa kuiga OAU yetu, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na akaja na hoja nzito kuliko zote alizowahi kutoa: suala la weusi wa Marekani lisiitwe haki za kiraia, maana hiyo ni kesi ya ndani na hakimu ndiye mshtakiwa. Liitwe haki za binadamu, lipelekwe Umoja wa Mataifa, nchi za Afrika zishtaki. Julai akaenda Cairo kwenye mkutano wa wakuu wa OAU na waraka wake mkononi, anawafuata mmoja mmoja. Azimio likapita, laini laini, maana wengi walikuwa na misaada ya Marekani mfukoni. Nilitegemea wangefanya zaidi, na yeye nadhani alitegemea.

Akaendelea kuzunguka, na Oktoba 1964 akafika hapa. Hapa hapa! Nchi yetu ilikuwa na miezi sita tangu Muungano, hata jina Tanzania lilikuwa bado, likaja mwisho wa mwezi ule ule. Aliyempokea na kumzungusha ni Abdulrahman Babu wa Zanzibar, aliyekuwa waziri. Akamwona Mwalimu Nyerere. Alipoondoka kwenda Kenya alipanda ndege moja na Kenyatta na Obote, wakamwita akakae nao. Nairobi akaonana na Oginga Odinga. Na muda wote ana daftari, anaandika. Anauliza uhuru mmeupataje, Mau Mau walijipangaje, Zanzibar ilikuwaje. Mtu ambaye akisimama Harlem watu elfu wananyamaza, huku kwetu amekuja kukaa mkekani tena.

Na alichojifunza hakukificha. Desemba ile amerudi Harlem, Babu akaenda New York kwa shughuli za Umoja wa Mataifa, Malcolm akampandisha jukwaani Audubon Ballroom awahutubie weusi wa Harlem. Mzanzibari! Wiki iliyofuata akiwa jukwaa moja na Fannie Lou Hamer, mama wa Mississippi aliyepigwa jela kwa ajili ya kura, waimbaji wakaimba wimbo unaomhusu Oginga Odinga, na yeye akasimama akazungumzia Mau Mau. Congo alikuwa haachi kuitaja, Lumumba waziri mkuu aliyeuawa, Tshombe aliyekuja kukalia kiti hicho, mamluki, ndege za Marekani zilizobeba askari wa Ubelgiji kushuka Stanleyville, Kisangani ya leo. Alikuwa akiwaambia watu wake mkono unaompiga Mkongo ndio unaokupiga wewe Mississippi, na magazeti ya kule yakawa yanamwona kichaa.

Siku zikawa zinaisha na yeye anajua. Februari 14, 1965 usiku nyumba yake ikatupiwa chupa za petroli, akatoka na mkewe Betty na mabinti wanne, Betty ana mimba ya mapacha. Mara ya pili anaunguziwa nyumba, ya kwanza alikuwa na miaka minne.

Jumapili iliyofuata, tarehe 21, akapanda jukwaani Audubon, ukumbi ule ule alioongea Babu. Akasema assalamu alaikum. Watu wakaitika wa alaikum salaam. Wakati huo huo katikati ya ukumbi watu wawili wakajifanya wanagombana, mmoja anapiga kelele toa mkono mfukoni kwangu, walinzi wakageukia huko, na mbele wakasimama wenye bunduki. Mkewe na watoto wapo ukumbini. Miaka 39.

Wakafungwa watu watatu. Mmoja alikiri, akaiambia mahakama kwamba hawa wawili wengine hawahusiki. Hakusikilizwa. Wawili hao wakala zaidi ya miaka ishirini jela kila mmoja, mpaka Novemba 2021 mahakama ikafuta hukumu, ikabainika polisi na FBI walificha ushahidi. Mmoja alikuwa ameshakufa tangu 2009. Mwaka uliofuata jiji na jimbo la New York wakakubali kulipa dola milioni 36. Sijui hiyo unaigawanya vipi kwa kila siku ya jela.

Siku tatu baada ya Malcolm, Nairobi, Pio Gama Pinto, mbunge na mtu wa Odinga, akapigwa risasi kwenye gari mbele ya nyumba yake na mtoto wake mdogo yumo ndani ya gari. Wale walioweka matumaini kwenye ile safari ya Oktoba walizika wawili wiki moja.

Kijana hapo mbele ameniuliza athari yake iko wapi. Mwaka 1975 Elijah akafariki, mtoto wake Wallace, aliyekuwa karibu na Malcolm na aliyefukuzwa zaidi ya mara moja kwa kuhoji mafundisho ya baba, ndiye aliyepewa uongozi. Akaondoa viti, wakaanza kusujudu. Akahamisha saumu kutoka Desemba ikaenda kwenye mwezi wake. Maelfu kwa maelfu ya watu waliingia kwenye Uislamu huu mnaoujua kwa njia hiyo, bila kumwagika damu. Farrakhan, mhubiri mwingine wa kikundi kile, akajitenga na wachache akarudisha ya zamani, hilo nalo lipo, siwezi kulificha. Ila nenda leo msikiti wa weusi Harlem au Philadelphia, utaswali nao huna haja ya kuuliza kibla.

Namalizia na maziko, naona mzee anatazama saa. Makanisa na kumbi nyingi Harlem ziliogopa kumpokea, vitisho vya mabomu, kanisa moja likakubali. Kabla yake alikuja sheikh mmoja Msudani, Ahmed Hassoun, aliyekuwa mwalimu wake wa dini siku za mwisho, akamwosha, akamvika sanda nyeupe. Kwa hiyo mtu amelala kanisani akiwa ndani ya sanda, na jiwe la kaburi likaandikwa jina lake la Kiislamu, Hajj Malik El-Shabazz. Wakampeleka Ferncliff, nje kidogo ya New York, dua ikasomwa, jeneza likashushwa. Wachimbaji wa makaburi walikuwa wazungu, wamesimama pembeni na makoleo yao wanasubiri watu waondoke ili wafukie, ndivyo kule wanavyofanya. Watu hawakuondoka. Wakawaendea, wakayachukua yale makoleo mikononi mwao, wengine wakaanza kusukuma udongo kwa viganja, na suti zao, na baridi ya Februari, mpaka kaburi likajaa.